Mgeni Kutoka Guyana

Jumamosi, 5 Oktoba. Kasulu

Nimefika nje ya nchi. Muhuri wa Horohoro umo kwenye pasipoti, ukurasa wa tatu, umegongwa upande lakini unasomeka. Siku tatu ndani ya mabasi. Miguu imevimba. Lakini nimefika. Mimi, Mansuri, karani wa duka la magodoro Mombasa, umri miaka thelathini na sita, nimekuja kujitolea kujenga nyumba ya familia nisiyoijua katika nchi isiyo yangu. Shemeji yangu alikaa Dubai miezi minane na ametusimulia kwa miaka tisa. Sasa na yeye atakaa asikilize.

Baridi huku. Hakuna aliyenitajia baridi.

Mapokezi hayakwenda vizuri. Tulishuka stendi watu wawili, mie na kijana wa Kifaransa aitwaye Claude. Dada Ghati, mratibu wa shirika, mwenyeji wa Mara aliyeletwa huku kikazi, alikuja na kibao chenye majina yetu yote mawili. Akampa Claude mkono. Akamkaribisha Tanzania, akampa pole ya safari, akamuuliza kama alipata usingizi. Kisha akanigeukia mie akanikabidhi begi la Claude. Alidhani mie mpagazi.

Nikamwambia mimi ndiye Mansuri. Akaomba radhi, tena kwa moyo kabisa. Akasema basi wewe ni mtu wa nyumbani, hapa hakuna wasiwasi. Begi akaniachia.

Nyumba ya wageni mambo yakawa vilevile. Claude akawekewa kiti chenye mto. Mie nikaulizwa kama naweza kusaidia kusogeza meza.

Nimekaa kitandani nimefikiri. Kosa langu nimeliona. Kosa langu ni Kiswahili. Claude akisema "asante sana", mpishi na dada wa mapokezi wanasimama kumsifu. Mie nimetoa sentensi nzima nzima, zimepangwa, hazina kasoro, na hakuna aliyegeuza shingo. Mtu akifungua kinywa kikatoka Kiswahili, huku hawamhesabu mgeni.

Dawa ipo. Jumatatu tunapelekwa Kitahana, upande wa Kibondo. Ghati anabaki hapa Kasulu na makaratasi yake. Kule hakuna anayenijua. Kule mie sitajua Kiswahili hata neno.

Jumatatu, 7 Oktoba. Kitahana

Mambo yameanza vyema.

Garini nilimweleza Claude kwamba ninafanya utafiti, na utafiti wenyewe unataka nisizungumze Kiswahili wala nisionyeshe kwamba ninakielewa. Nilitarajia maswali. Hakuuliza hata moja. Akasema ni kazi muhimu, na kwamba yeye atanitafsiria. Claude. Anitafsirie mie Kiswahili. Nikameza mate nikamshukuru.

Nchi nimechagua Guyana. Wanazungumza Kiingereza, wako wenye sura kama yangu, Waislamu wamo (nilisoma simuni kabla mtandao haujakatika), na hakuna mtu atakayeuliza swali la pili juu ya Guyana.

Mwenye nyumba ni Bibi Yusta. Yu mwembamba, amepita sabini. Alitujia ameinama kidogo anapiga makofi polepole, maana hivyo ndivyo wanavyosalimiana huku, akasema "Mwakeye." Claude naye akainama, akapiga makofi, akaitikia. Kafundishwa na mpishi wa Kasulu. Anajipendekeza huyu. Mie nikatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu wa Guyana.

Kisha mkwe wake Bibi, Immakulata, akaleta viti. Viwili. Kimoja changu. Mguu mmoja mfupi, unayumba, lakini sijapata kukalia kiti kitamu kama kile.

Fundi ni Bazilio, mtu wa maneno machache na kofia ya sufu. Alieleza hali ilivyo, Claude akanitafsiria nusu yake. Masika yaliyopita ukuta wa nyumba ya zamani ulianguka, bahati wote walikuwa shambani. Tangu siku hiyo Bibi, Immakulata na watoto wawili wanalala jikoni. Matofali ya nyumba mpya majirani wamefyatua na kuchoma wenyewe. Kuta zimefika madirishani. Lakini zimejengwa kwa tope, saruji hakuna. Mvua ikizikuta hazina bati, tope linakwenda na maji na kuta zinalala chini. Na mawingu yameshaanza kujikusanya upande wa Burundi, kila mtu anayatazama.

Tena Bazilio mwenyewe ni wetu mpaka Jumapili tu. Jumatatu anaanza kuezeka duka la mtu mmoja Gwarama, Tharsisi, alimwahidi tangu Julai. Kwa hiyo kuta ziishe Alhamisi, kenchi za paa zipande Ijumaa, siku hiyohiyo bati zije kutoka Kasulu. Akaomba wageni wasaidie kuchota maji ya kukorogea tope, kisima kiko bondeni. Claude akanyanyuka. Mie nikangoja tafsiri. Tafsiri ilipofika madumu yalikuwa yameisha.

Baadaye Bazilio akauliza swali la pili juu ya Guyana. Je, wanalima maharage? Nikamjibu kupitia Claude kwamba wanalima. Misimu mingapi? Miwili. Akaridhika sana.

Jumanne, 8 Oktoba

Wali!

Jana mchana waliandaa ugali wa muhogo na maharage. Niliutazama ule ugali kwa muda mrefu, kwa upole, kama mtu anayeuona mara ya kwanza. Leo Immakulata ameniletea bakuli la wali, lina kifuniko, langu peke yangu. Na jioni nikapashiwa maji ya kuoga. Claude alikula ugali pamoja na mafundi, akaongezewa mara mbili, akaoga maji ya kisima akitetemeka. Kila mtu na njia yake.

Kazini nimejipa usimamizi. Ninakaa kwenye kiti na daftari, ninatazama ukuta, ninaandika. Bazilio akipita ninamwonyesha dole gumba.

Kazi ngumu ni masikio. Asubuhi Bazilio alisimulia habari za fundi mmoja wa Kasanda aliyejenga chumba akiwa amesimama ndani, mlango akaukumbuka amefika kwenye lenta, juu ya madirisha, ikabidi apitishiwe uji dirishani siku nzima. Nikacheka. Ndipo nikakumbuka kwamba Claude hajatafsiri. Nikageuza kicheko kikawa kikohozi. Claude akatafsiri, na kwa tafsiri yake fundi alikuwa amejenga uji. Nikacheka tena ilivyopasa.

Bazilio alinitazama kidogo, halafu akaomba apewe timazi. Sidhani kama aligundua.

Nimempigia mama Mombasa. Nilikwenda nyuma kabisa ya migomba na nikanong'ona. Aliniuliza ng'ambo kukoje. Nikamwambia wananipikia peke yangu. Akafurahi, akasema atamwambia shemeji.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo nimesikia jambo nisilotaka kulisikia.

Kuta hazijaisha. Kozi tano za matofali nyuma. Nilikuwa kitini, Bazilio na Immakulata wamesimama hatua mbili kutoka nilipo, kando ya shimo la tope. Wao wawili siku zote huzungumza Kiha, lugha ya huku. Leo wakatumia Kiswahili, tena cha taratibu. Bahati yangu.

Bazilio alimuuliza mbona maji hayatoshi. Immakulata akajibu kwamba maji angeyachota, lakini anapika mara mbili, ugali wa watu na wali wa mgeni, na jioni anachochea moto wa maji ya kuoga, na asubuhi anakwenda kwa jirani kubadilisha maharage apate mchele. Bazilio akauliza maharage gani. Akasema ya mbegu. Imebaki nusu debe. Bazilio akamuuliza mvua ikinyesha atapanda nini. Immakulata akasema hajui, lakini mgeni ni mgeni, na mama mkwe ndiye aliyeagiza.

Kisha wote wawili wakatazama ukuta.

Niliumia. Nasema kweli, niliumia. Wali ulipoletwa niliula polepole. Nilifikiri niende nikachukue dumu nishuke bondeni, niseme jamani, mie ni mtu wa Mombasa, nipeni kazi. Nilikwisha kuinuka hasa.

Lakini nitaanzaje? Siku nne nimekuwa wa Guyana. Watajiona wamefanywa wajinga. Wataumia zaidi wao. Nikakaa tena, kwa ajili yao.

Nimechukua hatua hata hivyo. Nimeacha vijiko vitatu vya wali bakulini ili Immakulata aelewe kwamba apunguze. Na nimeamua kuoga mchana jua likiwa kali, ili maji yasihitaji moto mrefu. Moyo umetulia kidogo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Sijui niandikeje ya leo.

Asubuhi majirani walikuja wote, wanaume kwa wanawake, kozi tano zikamalizika kabla ya adhuhuri. Claude amechubuka viganja vyote. Mchana kenchi zikaanza kupanda. Mawingu yakawa meusi huko Burundi, lakini kila mtu alikuwa na raha kwa sababu lori la bati lilikwishatoka Kasulu.

Simu ya Bazilio ilikuwa kwangu, inachajiwa kwenye kifaa changu. Ikalia. Bazilio yuko juu ya ukuta, misumari mdomoni, amekumbatia mbao. Akanipungia mkono nipokee. Nikaona ajabu, fundi mzima anampa mtu wa Guyana simu, lakini nikapokea.

Alikuwa dereva wa lori. Amefika njia panda. Anauliza apinde kushoto aingie Kitahana au aendelee na lami.

Jibu ninalijua. Tulipita pale Jumatatu. Kushoto, penye kibanda cha fundi baiskeli. Maneno sita. Lakini mbele yangu alisimama Bibi Yusta, na nyuma yake majirani kama kumi, wote wananitazama mdomo.

Nikajibu kwa Kiingereza.

Dereva akauliza tena. Nikarudia kwa Kiingereza, polepole. Akasema ala, ni Mzungu, akakata. Nikampigia, hapatikani. Nikawapungia watu mkono kuonyesha kwamba mambo ni mazuri. Bazilio juu ya ukuta aliitoa misumari mdomoni, akanitazama, akairudisha.

Jioni habari ikaja. Dereva alikuwa na karatasi yenye jina la Bazilio. Kakosa wa kumwelekeza, kawauliza watu barabarani wapi Bazilio anajenga, wakamwambia Bazilio anajenga duka la Tharsisi, Gwarama. Kaenda Gwarama. Kashusha bati. Tharsisi naye alikuwa anangoja bati zake wiki hiihii, kaona hizi ndizo, kapata fundi mwingine kaanza kupigilia.

Dereva alisema kwenye simu kwamba yeye aliuliza njia, akapokelewa na Mzungu. Watu wote wakamgeukia Claude, hata wale walioniona na simu. Claude akasema si yeye. Hakuna aliyenitazama mie. Afadhali wangenitazama.

Bibi Yusta akamsogelea Bazilio akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama haingekuwa vizuri wazibomoe kuta wenyewe kesho, taratibu, tofali moja moja, wazipange pembeni. Alisema zikiangushwa na mvua zitavunjika, lakini zikishushwa kwa mkono zitafaa mwakani. Alisema hivyo bila kulalamika. Alikuwa anaushika ukuta kama anaupima joto.

Sikula. Bakuli nimelirudisha limejaa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeondoka alfajiri kwa bodaboda. Claude nilimwachia karatasi kwamba nimekwenda kutembea.

Gwarama ni mbali na kwa bodaboda ni mbali zaidi. Nilimkuta Tharsisi juu ya duka lake, bati nane zimeshapigiliwa, zinang'aa. Ni mtu mkubwa, mkarimu. Akanikaribisha kiti, akaagiza chai. Nikamweleza kwa Kiswahili, maana pale hakuna aliyenijua, na ulimi wenyewe ulifurahi kama umetolewa kifungoni.

Kwanza nilijitambulisha kuwa ofisa wa shirika. Akaomba kitambulisho. Nikabadilisha, nikasema mimi ni mkaguzi kutoka nje ya nchi. Akauliza ni nchi gani hiyo ambayo wakaguzi wake wanazungumza kama wasoma taarifa wa redioni. Nikanywa chai. Akasema bati zimekuja na jina la fundi wake, mvua inakuja, na yeye ana bidhaa za kufunika. Alinisikitikia, lakini aliendelea kupigilia.

Nikasema mimi ni mjukuu wake Bibi Yusta.

Sijui lilitoka wapi. Nikishaanza hivi huwa natengeneza hadithi ndefu, safari hii sikutengeneza. Nilimwambia bibi yangu analala jikoni na mkwe wake na watoto, vichwa vyao viko kwenye mafiga. Nikamwambia jana alitaka kuibomoa nyumba yake kwa mikono ili aokoe matofali. Nikamwambia hata mbegu za maharage zimekwisha, zimebadilishwa mchele wa kumlisha mgeni mmoja mpumbavu kutoka Guyana.

Tharsisi akauliza ni mtu wa namna gani huyo mgeni. Nikamwambia hilo asiniulize.

Alikwaruza bati kwa ukucha. Halafu akageuza nyundo upande wa kung'olea.

Tulirudi kwa lori lake, bati zote, na yeye mwenyewe na ndugu zake wawili kuja kusaidia. Kasanda tulinyeshewa kidogo. Tulipofika Kitahana walikuwa hawajagusa kuta. Bazilio alikuwa amewazuia, alisema wangoje mpaka jua lizame.

Tharsisi alishuka, akampigia Bibi makofi, akamwamkia kwa Kiha. Kisha akageuka kwa watu wote akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyezoea soko, kwamba mjukuu wa Bibi ameomba vizuri sana na asingeweza kumnyima. Akaninyooshea kidole. Akashusha na debe la mbegu za maharage.

Nikatazama viatu vyangu.

Bibi Yusta akanitazama sana. Akasema ndiyo, huyu ni mjukuu wake, na akamshukuru Tharsisi.

Bazilio akasema kutoka juu kwamba kama ni mjukuu, basi maji yamekwisha na dumu lile pale.

Nikiwa kisimani na Immakulata nikamuuliza walijua lini kwamba ninaelewa Kiswahili. Akasema Jumanne, nilipocheka habari za yule fundi wa Kasanda. Ndiyo maana Alhamisi walisema kwa Kiswahili. Ndiyo maana Bazilio alinipa simu. Nikamuuliza basi ule wali ulikuwa wa nini. Akasema walikaa wakajadiliana. Mtu mzima anayeficha lugha yake mwenyewe ana jambo zito. Labda amefiwa, labda mke kamkimbia akachanganyikiwa. Bibi akasema asiulizwe, alishwe vizuri, atapona.

Kwa hiyo haukuwa wali wa mtu wa nje. Ulikuwa wali wa mgonjwa. Nimelifikiria hilo njia nzima ya kupanda mlima na madumu mawili, na bado sijalipenda.

Jumapili, 13 Oktoba

Mgongo wangu umekwisha. Mafundi na majirani walirudi kutoka misa wakapanda juu ya paa na nguo zao za kanisani wamezikunja hadi magotini. Mie nimechota madumu ishirini na saba. Nimekula ugali wa muhogo kwa mkono, na hakuna aliyeniuliza kama ninaupenda. Ni mzuri ukiwa na njaa. Claude ananiita "mzee wa utafiti", sijui nani kamfundisha.

Saa tisa mvua ikaja. Zilibaki bati mbili. Bazilio na Tharsisi walikuwa juu, wameloa, wanapigilia, na sisi chini tunawapa misumari. Ya mwisho ilipoingia wote tukakimbilia ndani, watu kama thelathini kwenye vyumba viwili visivyo na milango.

Bati nane zilikuwa na matundu ya misumari ya Gwarama. Zikavuja. Bazilio akaomba mpira wa kuzibia, na ndala zilizokuwa karibu zilikuwa zangu. Amezikata vipande mbele yangu.

Bibi Yusta alichukua mkeka wake kutoka jikoni, akautandika kwenye pembe kavu, akalala chali, mchana, na watu wote tumejaa. Akawa anatazama juu anasikiliza mvua inavyopiga bati. Kuta zilikuwa zimesimama. Immakulata alikaa chini kando yake akaweka mkono kwenye tofali.

Nilitokwa na machozi. Claude akaniuliza. Nikamwambia ni vumbi la saruji. Nyumba yenyewe haina saruji.

Mvua ilipopungua Bibi akaniita. Akasema ardhi imelainika, Jumatatu baada ya makabidhiano ya nyumba wanapanda maharage, na yeye mgongo wake na jembe wameachana. Je, mjukuu wake anaweza kubaki siku mbili tatu amsaidie? Nikasema naweza. Nilisema kwa Kiswahili, kwa moyo wote, na nikaona raha ambayo sikuiona kwenye kile kiti. Mie sasa ni mtu mwingine. Mambo ya kujifanya nimeyaacha.

Jumatano, 16 Oktoba

Makabidhiano leo. Turubai, viti vya kukodi, kipaza sauti. Mgeni rasmi alitoka wilayani, mtu mpole mwenye miwani. Ghati hakufika, gari lake limevunja springi Kasulu, ametuma salamu.

Katibu wa kijiji alisoma risala. Aliiandika wiki iliyopita na hakuibadilisha. Ndani yake kulikuwa na ndugu Claude wa Ufaransa na ndugu Mansuri wa Guyana. Watu wakainama wakatazama magoti yao. Bazilio akavuta kofia ikafika machoni. Hakuna aliyesahihisha, kwa sababu risala ikishasomwa imesomwa.

Wageni wakaombwa kusema neno. Claude akasema Kiswahili chake, kina jasho, kina makosa, lakini kilifika. Akamaliza kwa Kiha. Wanawake walipiga vigelegele na wazee wakaenda kumshika mkono.

Mie nilikuwa nimejiandaa. Nilikesha nayo maneno hayo tangu Jumapili na nayaandika hapa ili ijulikane: Naitwa Mansuri, ni mtu wa Mombasa, niliwadanganya, mkanilisha, nawashukuru. Basi. Nilisimama kwa nia hiyo hasa.

Nikaanza na salamu kwa mgeni rasmi, kwa heshima zake zote, kama tulivyofunzwa kwetu. Nikaendelea na shukrani. Sikuwa nimefika Mombasa mgeni rasmi alipovua miwani, akaomba radhi kwa kunikatiza, akawauliza watu kama wanasikia anachosikia yeye. Mtu wa Guyana! Kiswahili fasaha namna hii! Akaniuliza nimejifunza kwa muda gani.

Watu mia mbili. Bibi Yusta amekaa kizingitini mwake chini ya bati zake, ufunguo wa mlango mpya umefungwa kwenye pindo la kitenge, ananitazama. Immakulata alinitikisia kichwa kidogo sana, kama unavyomtikisia mtoto anayenyoosha mkono kwenye sufuria.

Jibu nililijua. Lilikuwa fupi.

Nikasema, "Siku tisa."

Makofi kama yale sijapata kuyasikia. Yalizidi ya Claude, na sisemi kwa kujisifu. Mgeni rasmi alinishika mkono kwa mikono miwili, akawaambia vijana waone mfano wa juhudi. Akasema iko shule ya sekondari jirani ambayo wanafunzi wake lugha zinawatesa, na akauliza kama ningekubali kubaki wiki moja kuwafundisha njia yangu. Nyumba ya mwalimu ipo, mpishi yupo.

Bibi Yusta alikuwa amejifunika mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika. Mwanzoni nilidhani analia. Baadaye nilipomwendea kumweleza, alinisikiliza mpaka mwisho, akanipangusa vumbi begani, akasema basi aende tu, bado hajapona. Sikuelewa alikuwa anamwambia nani. Jembe amempa Claude.

Nimekubali. Ninaanza Jumatatu. Kule shuleni hakuna anayenijua. Nimewaomba wanitafutie mkalimani.